Kushusha sampo ya Corolla ya zamani nyumbani, na kuirudisha isivuje

Kushusha sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, hakuhitaji gereji. Bolti zake ni ndogo, za namba 10, na mwenye racheti na subira huzimaliza zote kabla ya adhana ya adhuhuri. Kinachowashinda watu ni kuirudisha. Sampo nyingi nilizoona zikifunguliwa mara ya pili ndani ya mwezi zilikuwa na kosa moja: silikoni ilipakwa juu ya chuma chenye oili, kwa sababu aliyelala chini ya gari alitaka kazi iishe siku hiyohiyo. Kwa hiyo panga siku mbili na asubuhi ya tatu. Jumamosi unafungua, usiku injini inachuruzika, Jumapili unasafisha na kufunga, Jumatatu alfajiri unatia oili. Ukiwa na wasiwasi wa kuchelewa kazini Jumatatu, weka nauli ya daladala pembeni mapema.

Nitaongelea Corolla za miaka ya 1990: AE100 na AE110 zenye injini ya 5A-FE ya cc 1498, pamoja na ndugu zao AE101 na AE111 zenye 4A-FE ya cc 1587. Kenya wanaziita Toyota 100 na Toyota 110. Injini hizo mbili zinafanana mno kwa chini, na sampo yake ni bakuli moja la bati lililobandikwa kwa silikoni, bila gasketi ya kizibo (ile laini kama kizibo cha chupa). Spea zake bado zimejaa Gerezani pale Kariakoo, na Nairobi ukienda Kirinyaga Road hukosi. Kama gari lako linasukuma kwa nyuma, mfano Mark II GX100 au Hiace, usifuate mwongozo huu. Huko krosimemba, boriti nene ya chuma inayokatiza gari kwa upana, inapita chini ya sampo na injini lazima inyanyuliwe kwanza, kazi ambayo uani bila winchi ni kujitafutia balaa.

Kwanza hakikisha ni sampo

Oili hushuka, haipandi. Sampo ikiwa imelowa, huenda imeloweshwa na kitu kilichoko juu yake. Kwenye injini hizi watuhumiwa ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), oringi ya distribyuta upande wa giaboksi, swichi ya taa ya oili, oili sili ya mbele iliyo nyuma ya puli ya krenki, na oili sili ya nyuma kati ya injini na giaboksi. Niliwahi kumshushia shemeji yangu sampo, nikaifunga kwa mbwembwe zote, na baada ya wiki akanipigia simu kwamba sakafu bado ina madoa. Kumbe ilikuwa oringi ya distribyuta, kitu cha bei ya soda. Sampo yake haikuwa na kosa lolote.

Ili usifanye kama mimi, osha injini yote kwa chini. Mafuta ya taa na brashi kuukuu vinatosha, kisha maji ya sabuni, kisha iache ikauke kabisa. Nyunyiza poda ya mtoto kwenye ukingo wa sampo na kuta za injini zilizo juu yake. Endesha kilomita 20 hivi, rudi, lala chini na tochi. Poda italowa mahali oili inapoanzia. Ukiona mstari unaanzia juu na kuteremka, usiguse sampo. Ukiona tone linaning'inia kwenye nati ya kumwagia oili tu, badilisha washa yake (ile pete bapa) kwanza; kwa bei ya washa unaweza kuwa umemaliza shida nzima.

Sababu nyingine halali za kuifungua ni bonde lililoingia ndani baada ya kupiga tuta au jiwe, uzi wa nati ya kumwagia ulioliwa na fundi aliyekaza kwa nguvu za Jumatatu, au taa ya oili inayowaka injini ikiwa imepata moto ilhali oili ipo ya kutosha. Bonde usilidharau. Mdomo wa streina, lile chujio la wavu linalonyonya oili, unakaa karibu sana na sakafu ya sampo. Bati likiingia ndani vya kutosha linauziba, na pampu inanyonya upepo.

Vifaa

Racheti ndogo na soketi namba 10, 12 na 14, pamoja na ekstensheni moja ndefu na moja fupi. Ringi spana namba 10 kwa bolti zilizojificha. Jeki nzuri na stendi mbili, na hapa sibembelezi. Beseni pana linalozidi lita 5. Kisu cha puti chenye bati jembamba ila gumu, kile cha mafundi rangi, na nyundo ndogo. Vitambaa vya pamba, vingi kuliko unavyodhani. Thina au dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Silikoni ya injini inayostahimili oili na joto, filta mpya, washa mpya ya nati ya kumwagia, gasketi ya streina, na lita 4 za oili.

Kuhusu silikoni, usinunue ile ya mafundi wa aluminiamu na vioo. Ina jina hilohilo na tyubu inafanana, lakini oili ya moto inailegeza. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya injini. Toyota wenyewe hutumia nyeusi. Kuna wauzaji watakaokushawishi uchukue gasketi ya kizibo "iwe na uhakika zaidi". Iache dukani. Sampo hii ilitengenezwa ikae chuma kwa chuma na utando mwembamba wa silikoni katikati. Ukiweka kizibo, bolti zinakibana, kinatanuka, bati linapinda kuzunguka matundu, na umejitengenezea uvujaji ambao haukuwepo.

Kuliinua gari

Tafuta sakafu ya saruji iliyo tambarare. Kama uwanja wako ni mchanga, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Vuta hendibreki, tia gia ya kwanza au P kwa otomatiki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Nyanyua mbele, weka stendi kwenye kingo zilizoimarishwa nyuma ya magurudumu ya mbele, shusha uzito ukae juu ya stendi, kisha lisukume gari kwa bega. Kama linatikisika, anza upya.

Tofali la saruji halibebi gari. Linaonekana gumu, lakini uzito ukikaa kwenye nukta moja linapasuka ghafla bila kukuonya, na wewe uko chini. Tofali la kuchoma ni baya zaidi. Kama una stendi moja tu, azima ya pili kwa jirani au ahirisha. Hata ukiwa na stendi mbili, ingiza gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari, karibu na unapolala. Na asikae mtu ndani ya gari wala watoto wasicheze karibu.

Kumwaga oili

Washa injini dakika 5 hivi ili oili ilegee, zima, subiri ekzosi ipoe. Ni bomba lilelile utakalolifungua baadaye, na linaunguza kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Fungua kifuniko cha juu cha oili ili hewa iingie, kisha nati ya kumwagia kwa soketi namba 14. Zitatoka kama lita 3. Toa na filta sasa hivi, maana itadondosha oili muda wote ikibaki.

Kagua uzi wa ile nati. Ukiwa umeliwa na sampo inatoka hata hivyo, hii ndiyo nafasi yako ya kumpelekea fundi mashine akuwekee uzi mpya, badala ya ule mtindo wa kuzungushia nailoni kila unapobadilisha oili.

Oili chafu ihifadhi kwenye dumu. Mafundi seremala na watu wa uzio wanaitafuta kupaka nguzo dhidi ya mchwa, na baadhi ya vituo vya mafuta huipokea. Mtaroni isiende, hasa kama mnachota maji kisimani.

Vinavyozuia njia

Toa kwanza bati au plastiki la kukingia injini kwa chini, kama lipo. Magari mengi ya umri huu yalishalipoteza barabarani.

Ekzosi ya injini hizi inatokea mbele, upande wa rejeta, na bomba lake linapita chini ya sampo kuelekea nyuma. Kwa hiyo bomba la mbele lazima lishuke. Nati zake zina kutu ya miaka 25 au zaidi, na hapa ndipo watu wanapovunja vitu. Ijumaa jioni zipulizie dawa ya kulegeza kutu, Jumamosi asubuhi rudia. Tumia soketi yenye pembe sita inayokaa sawasawa, usitumie spana ya mdomo wazi. Nati ikigoma, ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze, kaza, legeza, hadi ikubali. Ukikatisha stadi (bolti isiyo na kichwa) kwenye manifodi, pale ekzosi inapoanzia, kazi yako ya sampo imegeuka kuwa kazi ya kuchimba chuma. Kama waya wa sensa ya oksijeni umeunganishwa kwenye bomba hilo, uchomoe kwanza. Bomba likifunguka, lifunge kwa waya lining'inie pembeni, lisibebwe na sehemu yake ya kunyumbulika.

Angalia pia boriti ya chuma inayopita chini ya injini kutoka mbele kwenda nyuma, ambayo mafundi huiita senta memba. Lala chini uipime kwa macho kabla hujashika spana. Ikiwa inaziba bolti au itazuia sampo isishuke, lazima ifunguliwe, lakini kumbuka inashikilia miguu ya injini. Weka jeki ya pili na ubao mpana chini ya giaboksi, ibebe uzito kidogo tu, ndipo ufungue. Usiweke jeki chini ya sampo yenyewe, hata kwa sekunde.

Bolti 19 na nati 2

Kwenye 4A-FE sampo imeshikwa na bolti 19 na nati 2. Zihesabu zikiwa mahali pake. Zikipungua, aliyekutangulia alizipoteza, na huenda ndicho chanzo cha kuvuja kwenyewe. Futa vichwa vya bolti kwa brashi kabla ya kuingiza soketi, kwa sababu tope lililoganda linaifanya soketi isishike hadi mwisho na kichwa kinaviringika. Bolti hizi ni nyembamba, milimita 6, na zinakatika kwa urahisi.

Legeza zote nusu mzunguko kwanza, ukianzia pembeni ukielekea katikati. Halafu zitoe zote isipokuwa mbili, moja kila upande, ambazo unaziacha zikiwa zimeshika uzi kiasi cha milimita 10. Hizo mbili na zile stadi za nati zitakuokoa: sampo ikibanduka ghafla haitakuangukia usoni na nusu lita ya oili iliyobaki ndani.

Kubandua

Sampo haitashuka. Utaivuta, utaisukuma, itakucheka. Silikoni ya kiwandani inashika kama gundi ya viatu, na hapo ndipo mtu anapochukua bisibisi kubwa na kuharibu injini. Toyota wana kisu maalumu cha kazi hii, na maelekezo yao yanakataza kisu hicho kuingizwa upande wa pampu ya oili, yaani mbele karibu na puli, na upande wa kishikio cha oili sili ya nyuma. Sehemu hizo mbili ni za aluminiamu. Chuma kikizikwaruza zinabaki na mfereji mdogo ambao silikoni haiuzibi vizuri. Bloku yenyewe ni chuma cha kuyeyushwa, inavumilia.

Kwa hiyo ingiza kisu cha puti kwenye ubavu mrefu wa bloku, katikati, kikiwa kimelala sambamba na ukingo. Gonga mgongo wake kwa nyundo ndogo mpaka kiingie sentimita moja au mbili, kisha kigonge kutokea pembeni kitembee kando ya ukingo kikikata silikoni. Fanya ubavu mmoja, hamia wa pili. Ukishakata pande hizo mbili, weka kipande cha ubao kwenye pembe ya sampo na ukigonge kwa nyundo, upande huu kisha ule. Mbele na nyuma zitaachia zenyewe. Usiingize kitu ukakitumia kama mtaimbo, bati linapinda hata kabla hujahisi.

Ikiachia, ishike kwa kiganja, toa bolti mbili zilizobaki na uishushe taratibu huku ukiizungusha ipite kwenye streina. Ikikwama, puli ya krenki izungushwe kidogo kwa spana, mwelekeo wa saa, halafu jaribu tena.

Kilichomo ndani

Usikimbilie kuiosha. Sampo ni daftari la injini, na hupati nafasi ya kulisoma mara kwa mara. Ipeleke kwenye mwanga, mimina kilichobaki taratibu kupitia kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku.

Unga mweusi laini unaoshikwa na sumaku kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni habari nyingine. Magamba yanayong'aa rangi ya shaba au fedha ambayo sumaku haiyataki hutoka kwenye metali, zile beringi bapa za krenki au za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki). Ukiyakuta na taa ya oili ilikuwa inawaka, usifunge sampo ukajifariji. Injini hiyo inaelekea kunoki (kugonga na kufa), na kwa kuwa sampo tayari iko chini, huu ndio wakati wa kumwita fundi unayemwamini afungue kofia moja au mbili za konrodi aangalie metali. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na shida yako iko juu, kwenye gasketi ya silinda hedi au kwingineko. Vijipande vigumu vyeusi mfano wa plastiki mara nyingi ni mipira ya valvu iliyokauka na kukatika. Tope zito la kukatwa kwa kijiko ni oili iliyokaa muda mrefu mno, ikazidiwa.

Na nyuzi za silikoni. Hizi zinanikera kuliko vyote. Gari langu mwenyewe lilirudi kutoka gereji moja likiwa na utepe mzuri mweusi umetoka nje kuzunguka sampo yote, umepakwa kama keki ya harusi, nami nikafurahi kwamba fundi hakubania. Kiasi kilichotoka nje ndicho hichohicho kilichotoka ndani. Miezi michache baadaye taa ya oili ikaanza kuwaka nikiwa kwenye foleni, na nilipofungua nilikuta wavu wa streina umezibwa na minyoo ya silikoni, karibu nusu yake.

Kwa hiyo toa streina. Imeshikwa na bolti 2 na nati 2, nazo za namba 10. Ioshe kwa mafuta ya taa, ipulizie upepo kutokea upande wa bomba, iangalie dhidi ya jua. Rudisha na gasketi mpya, kaza kiasi cha Nm 9 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Gasketi hiyo ikiwa na ufa, pampu inanyonya hewa pamoja na oili, na utabadilisha swichi, filta na pampu bila kupata tiba.

Kuosha na kunyoosha sampo

Ioshe kwa mafuta ya taa au dizeli, halafu sabuni na maji ya moto. Petroli watu wanaitumia kwa sababu inakata haraka, lakini beseni la petroli uani penye jiko la mkaa au mtu mwenye sigara halina utani. Kama sampo ina tundu la kuchomelewa, fundi wa kuchomelea aipate ikiwa imeoshwa kwa sabuni na kukauka kabisa. Mvuke wa petroli uliobaki kwenye mikunjo unalipuka.

Bonde la kati linagongwa kutokea ndani kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti, juu ya gunia la mchanga. Baada ya kuchomelea au kugonga, jaza maji au mafuta ya taa, iache saa moja juu ya karatasi kavu uone.

Sasa ukingo. Laza sampo kifudifudi juu ya kioo au meza iliyonyooka na uchungulie pembeni. Karibu kila mara utaona matundu ya bolti yamenyanyuka kama vilima vidogo kuelekea upande wa injini, kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi. Weka ukingo juu ya kipande cha reli au chuma bapa na uvigonge polepole kutokea upande wa juu virudi sawa. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, nami naiona ni nusu ya dawa. Kama ukingo umepinda sana au kutu imekula bati, sampo ya mtumba iliyonyooka itakugharimu kidogo kuliko oili utakayodondosha mwaka mzima.

Usiku wa kuchuruzika

Silikoni ya zamani kwenye sampo ikwangue kwa kisu cha puti. Kwenye bloku pia, ila ukifika kwenye aluminiamu ya pampu na ya oili sili ya nyuma, badili utumie kipande cha plastiki ngumu au mti uliochongwa. Usitumie msasa chini ya injini iliyo wazi. Punje zake hupanda kwenye krenki, na huko zinafanya kazi ileile ya msasa.

Kisha weka beseni chini, funika ukingo wa beseni kwa gazeti wadudu na vumbi visiingie juu, na uende kulala. Oili iliyoko kwenye krenki na kuta za silinda itadondoka usiku kucha. Ukiifunga Jumamosi jioni, tone moja litateremka ukutani, litapita juu ya ukingo uliokwisha kuusafisha, na silikoni haitashika mahali hapo. Tone moja linatosha.

Jumapili

Futa ukingo wa bloku kwa kitambaa kikavu. Halafu thina kwenye kitambaa safi, mzunguko mzima, badilisha kitambaa, rudia. Endelea mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Safisha pia matundu ya bolti kwa kuzungushia kitambaa kwenye bisibisi nyembamba, kwa kuwa oili iliyotuama ndani ya tundu hubanwa na bolti na kutoka nje juu ya silikoni mbichi. Bolti nazo zioshwe. Sampo ipate thina vilevile, na baada ya hapo usiiguse ukingo kwa vidole.

Kabla ya kufungua tyubu, jaribu kuipachika sampo kavu mara moja au mbili, ujue unaizungusha vipi kupita streina. Ukiwa na silikoni mbichi hutaki kujifunza.

Kata mdomo wa tyubu uwe mwembamba. Paka mstari mmoja usiokatika wa milimita 3 hadi 5 juu ya ukingo wa sampo, ukipita upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Ukipita upande wa nje, oili itafuata uzi wa bolti na kutoka. Kwenye bloku ongeza doa dogo kwenye pembe nne ambapo pampu ya oili na kishikio cha oili sili vinakutana na bloku, maana pale kuna mshono. Usisambaze kwa kidole. Usiongeze "kidogo cha usalama". Unakumbuka ile minyoo.

Kuanzia hapo una dakika 5 hivi, na mgongo wa tyubu utakueleza kwa usahihi. Pandisha sampo wima bila kuiburuza, ishike na bolti nne za pembeni kwa vidole, kisha zote zilizobaki kwa vidole, na zile nati mbili. Ikigusa vibaya na mstari ukafutika, ishushe, futa kila kitu, anza upya. Inauma, lakini kuna kuumia zaidi.

Kukaza ni Nm 4.9. Ni kidogo sana, kiasi ambacho toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kubwa ya magurudumu haiwezi kukisoma. Kama huna ndogo, shika racheti kichwani, siyo kwenye mpini, na ukaze kwa kifundo cha mkono tu. Anza na bolti za katikati, vuka upande wa pili, tawanyika kuelekea ncha, mzunguko wa kwanza kwa wepesi, wa pili kukamilisha. Utaona silikoni ikichungulia kwa nje kama uzi mwembamba. Hicho ndicho kipimo. Nati ya kumwagia rudisha na washa mpya, Nm 34 hivi, halafu bomba la ekzosi na senta memba kama uliifungua.

Acha usiku mzima. Silikoni nyingi huandikwa saa 24, na huku kwenye joto hukauka vizuri, lakini usiivishe kwa kuwasha injini.

Kutia oili na kuwasha

Jumatatu, paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya na uifunge kwa mkono. Mimina lita 3, subiri, soma dipstiki, ongeza kidogokidogo hadi alama ya juu. 10W-30 au 10W-40 inafaa. Injini iliyochoka na kuanza kula oili inaipenda 20W-50 kwenye joto letu.

Kabla ya kuwasha, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI na upige stata sekunde 10, pumzika, rudia hadi taa ya oili izimike. Kwa njia hiyo metali zinapata oili kabla ya moto. Rudisha fyuzi, washa, na mtu mmoja awe chini na tochi wakati gari bado liko kwenye stendi. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima mara moja na ukague streina.

Injini ikipata moto na kupoa, soma dipstiki tena. Tandika katoni chini ya injini usiku wa kwanza na wa pili. Wiki ijayo usirudi kuzikaza bolti "kuhakikisha": silikoni iliyokwisha kukauka ukiibana inapasuka, na pale inapopasuka ndipo oili itakapotokea.